Afande wa Bayolojia na Luwombo ya Virusi

Alizaliwa wapi, baba yake nani, kabila gani, hayo mkamuulize mwenyewe kama mna miguu ya kukimbilia. Mimi nitasema ninayoyajua, na ninayoyajua yanatosha kunifukuzisha barazani kwake mara ya pili. Mara ya kwanza nilijifukuzisha mwenyewe, nikalifunga na darasa zima, na rafiki yangu Furaha akabaki bila mwalimu zikiwa zimesalia wiki chache afanye mtihani wa mwisho. Hilo nitalifikia. Kwanza mumwone.

Mumwone amesimama, maana hakai. Alistaafu polisi zamani, ila mgongo wake haukupata barua. Anaishi na mwanawe, askari wa trafiki, kwenye nyumba za polisi za Nsambya, Kampala, ambako jirani akikaanga vitunguu unapiga chafya wewe. Sisi wote tunamwita Afande. Mwanawe pia hamwiti mama, anamwita Afande. Nimewahi kumsikia akiomba chumvi: "Afande, naomba chumvi." Akajibiwa: "Sema tena, na mdomo bila chakula ndani."

Watu wakisikia alikuwa polisi wanafikiri alikimbiza majambazi. Wapi! Alikuwa mtu wa maabara. Kazi yake ilikuwa kuwapikia bakteria chakula, kuwamwaga kwenye sahani, na asubuhi kuwahesabu kama mahabusu. Yeye mwenyewe haoni tofauti. "Mimi nimekamata wengi kuliko baba yako," aliniambia siku moja, na baba yangu, askari, yupo palepale anapiga viatu rangi. "Tofauti ni moja. Wangu hapana miguu."

Kila likizo na kila Jumamosi alikuwa anatufundisha bayolojia barazani kwake. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza, kwake kwa Kiswahili, kwa sababu barazani kuna Waacholi, Walugbara, Waganda na Wakongomani, na Kiswahili ndicho hakuna anayekijua vizuri kumzidi mwenzake. Cha kwake mtu wa Mombasa akikisikia atahitaji maji: kwake "nakula" ni mimi, ni yeye, na ni bakteria. Nilipomsahihisha mara moja aliniangalia toka nywele hadi kandambili. "Kiswahili yangu ilipita depo ya makuruta," akasema. "Haikupita chuo. Lakini wewe nilikwambia kimbia, ulielewa ama hukuelewa?" Nilielewa.

Ana mambo yasiyopatana. Anaosha mikono mara tatu kabla ya kugusa karanga moja, lakini ndiye aliyetupeleka mtaroni na chupa tukachote maji machafu. "Ukitaka kupata anayekula bakteria," akasema, "enda pale bakteria nakula." Anasema hofu ni ugonjwa wa watu wasio na kazi, halafu kuku wa jirani akipita anapanda juu ya benchi na kuendelea kufundisha kutoka huko, sauti ileile, kana kwamba alikuwa na mpango wa kupanda. Anasema simu inaozesha ubongo, kwa hiyo yake ameifungia kwenye kopo la maziwa ya unga, na ikilia kopo linatembea mezani. Kanisani anawahi kuliko padri. Harusini anafika chakula kikiwa kimeshapakuliwa, anasema hotuba hazina vitamini.

Kuwasifia watoto hajui. Ukipata jibu anasema "Kaa." Ukilikosa anasema "Simama." Furaha ndiye peke yake aliyewahi kuambiwa "Kaa vizuri," na wiki nzima alitembea kama ameolewa na waziri.

Furaha na mama yake walitoka Kongo. Mama anauza vitenge, wanakaa chumba kimoja nje ya geti letu, upande wa nyumba za reli. Mimi niko kidato cha tano, nina mwaka mzima wa kuchezea. Yeye yuko cha sita na hana mwaka. Hana mwalimu wa ziada mwingine, hana vitabu, alikuwa na baraza la Afande tu. Anataka kusomea uuguzi. Mimi nilikuwa nakwenda pale kumwona Afande akimkimbia kuku.

Sasa, virusi. Afande alikuwa na virusi mmoja anayempenda kuliko wote: yule anayewashambulia bakteria. Hajawahi kumwona, ni mdogo mno kwa darubini ya maabara yake, lakini kazi yake aliiona. Unamwaga bakteria kwenye sahani wanaota kama ukungu, unaongeza tone la maji ya mtaroni, kesho unakuta ukungu umetoboka matundu safi, kila tundu mahali virusi wamekula wakashiba. Alitueleza hayo kwa sauti ambayo wanawake wengine wanatumia kueleza posa. Alimchora kwa mkaa kwenye boksi la sabuni lililokunjuliwa: kichwa chenye pembe kama jiwe la pete, mkia, na miguu sita ya buibui. Anatua juu ya bakteria, anachoma mkia kama sindano, DNA inaingia, na bakteria anaanza kufanya kazi ya mtu mwingine. Anatengeneza virusi wengi mpaka anapasuka.

"Na huyo virusi mpya natengenezwa namna gani?" Afande anauliza. Hapo wote tunajibu kwa pamoja, maana hata wadogo zetu wanalijua: "Kama luwombo!"

Luwombo ni ile nyama ya Waganda inayofungwa ndani ya jani la mgomba na kuiva kwa mvuke. Afande si wa upande wa watu wa luwombo, aliipenda alipoletwa kazini Kampala, na akaipika kila Jumapili kwa bidii ya mgeni anayetaka kuwashinda wenyeji. Kwa hiyo somo lake lilikuwa hivi: DNA ndiyo nyama. Protini ndiyo jani. Nyama inawekwa, jani linakunjwa juu yake, unafunga na kamba, na huyo ndiye virusi. Tuliandika. Waliotutangulia waliandika. Watu wazima wenye vitambi wameondoka Nsambya na luwombo hiyo kichwani.

Halafu mimi nikapata data ya bure, na data ya bure kwenye mikono yangu ni kama kiberiti.

Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa, ikajileta filamu ya katuni ya virusi huyohuyo. Nikaona jani halikunji kitu. Kichwa kinajengwa kwanza, kitupu, kigumu, kina tundu moja. Kwenye tundu kuna mashine ya umbo la pete, na hiyo ndiyo inayosokomeza DNA ndani, kidogo kidogo, mpaka kinajaa. Nikacheka peke yangu kitandani. Mtu mwenye akili angemfuata Afande kimya kimya akamwonyesha. Mimi nikasubiri siku ya wazazi ya pale barazani.

Siku hiyo Afande alikuwa amevaa gauni lake la bluu. Wazazi wamekaa, soda zimegawiwa, baba yangu yuko mbele na kofia yake. Mama Furaha amefunga kitenge kipya. Furaha akasimama mbele ya boksi na mkaa mkononi, akachora, akaeleza luwombo bila kukwama. Watu wakapiga makofi. Mimi mkono juu.

"Afande, swali."

"Swali yako huwa si swali. Uliza."

"Virusi hana mikono. Nani anafunga jani?"

Watu wakaanza kutabasamu. Afande akasema jani linajifunga. Nikasema, "Basi luwombo ya wapi hiyo inayojifunga, Afande, mama zetu wamechoka, utupe mbegu." Wakacheka. Nikatoa simu, nikaiegemeza kwenye chupa ya soda, nikaicheza filamu, nikaitangaza kama mtangazaji wa mpira: "Kichwa kitupu kinaingia uwanjani! Jani halionekani! Nyama imechelewa! Afande wetu amepika kinyume miaka yote hiyo!" Baba yangu, ambaye hajui DNA wala jirani wa DNA, alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Afande aliitazama filamu mpaka mwisho. Akanirudishia simu kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa.

"Darasa imeisha," akasema. "Kila mtu arudishe kiti."

Jumamosi iliyofuata mlango ulifungwa. Na iliyofuata. Ya tatu nikamkuta Furaha amekaa barazani peke yake na daftari, kama mtu anayesubiri basi lililofutwa. Nikamrushia mzaha, siukumbuki hata. Hakuinua uso.

"Weye ulitaka batu bacheke," akasema. "Bamecheka. Sasa miye nitaingia mu mtihani na kicheko yako?"

Nimeshachapwa viboko vya aina zote, vya nyumbani na vya shule. Hakuna kilichowahi kukaa mwilini kama hicho.

Jumamosi ya nne nikaenda kwa Afande kuomba msamaha. Nilipitia nyuma, kwenye bomba, nimejiandaa kupigiwa kelele. Nikamkuta amekaa. Amekaa, kwenye kigoda, kwanza nikafikiri anaumwa. Katikati ya magoti ameshika chupa tupu ya soda, ya kioo, na mkononi ana kamba ya nailoni, ile nyembamba ya kuanikia nguo. Nguo za mwanawe, na mashati meupe ya trafiki, zilikuwa zimelala juu ya ua. Kamba zote alikuwa amezifungua akaziunga.

"Umekuja kucheka ama kusaidia?"

"Yote mawili, Afande. Lakini kwanza samahani."

"Samahani itangoja. Shika chupa."

Nikashika. Akaanza kuisukuma kamba kwenye mdomo wa chupa kwa sindano ya kufumia. Mita za mwanzo ziliingia zenyewe, kamba ikajizungusha chini vizuri kama nyoka aliyeshiba. Kufika nusu ikaanza ukaidi. Akisukuma inchi moja, nusu yake inarudi.

"Katuni mimi sikubali," akasema huku anahema. "Kwa katuni paka naanguka ghorofa kumi na hafi. Nikasema acha nijaribu na mkono yangu. Uzi ndefu hivyo, ndani ya kichwa ndogo hivyo, inaweza?"

"Inaweza?"

"Inaweza. Lakini haitaki." Akaninyooshea kidevu kwenye kigoda cha pili, ambako kulikuwa na karatasi zilizochapwa, zimepigwa mistari ya kalamu nyekundu. Mwanawe alikuwa ametumwa akazitafute, trafiki mzima, ameacha magari akatafute makala ya virusi. "DNA haipendi kukunjwa. Tena najichukia yenyewe. Kila kipande iko na chaji sawa na mwenzake, kwa hiyo nasukumana, kama wewe na dada yako kitanda moja. Mashine ya pale mlango nashika uzi, navuta kidogo, nakula nguvu kidogo ya ile bakteria, nashika tena. Ikijaa kabisa, kisu nakata. Halafu mkia nafungwa pale mlango kama kizibo. Ndani pale, msukumo wake unashinda tairi ya lori."

Alikuwa ameshaingiza kamba yote. Akaizuia kwa kidole gumba, kidole kikawa cheupe. Akaniangalia, na mngeniambia nisogee kando mngekuwa mmenisaidia, lakini hamkuwepo.

"Angalia hapa ndani," akasema. Nikainama. Akatoa kidole.

Kamba iliniruka puani, ikachomoka mita nzima, ikanivaa shingoni. Afande akacheka. Miaka yote hiyo sijawahi kuyaona meno yake ya nyuma, siku hiyo niliyahesabu.

"Hiyo ndiyo sindano!" akasema, na machozi yanamtoka. "Unajua toto ngapi naniuliza: Afande, sindano ya virusi nani nabonyeza, na hakuna daktari? Mimi naambia, andika, usiulize. Kumbe hakuna wa kubonyeza! Ilishabonyezwa siku ya kupakiwa! Ile luwombo yangu ingekuwa kweli, ingekaa tu ndani ya jani, tulivu. Haingetoka kamwe." Akapangusa macho. "Na usifurahi sana. Nimesoma yote. Kuna virusi ya majani ya tumbaku, ile ganda yake najengwa juu ya uzi kabisa, kama nilivyosema. Kwa hiyo luwombo yangu haikufa. Imehama."

Nikasema naipa pole kwa safari. Akanipiga na kamba, kidogo tu.

Halafu akachukua ile karatasi yenye wekundu mwingi kuliko zote.

"Wakati mwingine ile mashine nakosea," akasema. "Ndani ya bakteria iko DNA ya virusi, na iko DNA ya bakteria mwenyewe. Mashine haijui kusoma. Nashika uzi isiyo yake, najaza, najaza, mpaka kichwa nasema nimeshiba. Mkia nafungwa. Natoka nje, ukimwona ni mzima, kichwa sawa, miguu sawa. Naenda kwa bakteria mwingine, napiga sindano, na kumbe mzigo si wake." Akaiweka karatasi chini. "Mimi nimejaza watoto wangapi hivyo?"

Nilifikiri ni swali la kuulizia hewa. Kumbe alikuwa na orodha ya aliowafundisha, imeandikwa kwa mistari, majina na mahali. Aliokuwa hajui waliko alikuwa ameshawaulizia.

"Vaa viatu," akasema. "Wewe ulitangaza kosa, utatangaza na jibu."

Kwenye maelezo ya polisi, nilijifunza siku hiyo, ukikosea hufuti. Unapiga mstari mmoja juu ya neno, neno libaki linasomeka, halafu unatia sahihi pembeni ili ijulikane ni nani alikosea na ni nani alirekebisha. Afande alichukua kalamu mbili, moja ikiisha.

Mtaa wa Old Kampala tulimkuta mwanamke mmoja fundi cherehani, kwenye kibaraza cha duka la zamani. Daftari lake la bayolojia alikuwa nalo! Lakini analiandikia vipimo vya wateja. Ukurasa wa luwombo umezungukwa na viuno vya watu. Afande akapiga mstari, akatia sahihi kati ya kiuno cha mama mmoja na kifua cha mchungaji, nami nikaeleza kichwa kitupu na mashine ya mlangoni, huku mteja aliyekuwa anapimwa ameinua mikono anasikiliza. "Kwa hiyo hicho kichwa kinajazwa kupita kiasi?" mteja akauliza. Fundi akasema, "Kama wewe na hii sketi."

Mtaa wa Bukoto ilikuwa zamu ya mlinzi wa geti la maghorofa. Kwanza alipiga saluti bila kujijua. Nikatangaza, Afande akasimama pembeni mikono nyuma. Mlinzi akasikiliza yote kwa adabu, halafu akakuna shingo.

"Banange, jamani, Afande," akasema, "mimi hata hiyo luwombo nilishasahau. Hata DNA yenyewe nimesahau ni kitu gani."

"Ni sawa," Afande akamwambia. "Lakini kama ni kusahau, sahau kitu ya kweli."

Akamtaka asaini. Akasaini kwenye kitabu cha wageni.

Tulirudi Nsambya jua limepunguza ukali, miguu yangu haisemi nami. Kwenye orodha lilibaki jina moja. Nilijua ni nani, na nilijua amemweka mwisho kwa makusudi, maana tungeweza kuanzia kwake, ni hatua chache kutoka getini.

Mama Furaha alifungua mlango, akamwona Afande, akaanza kukusanya vitenge vilivyotandazwa kila mahali huku anasema karibu, karibu. Chumba ni kimoja, kitanda, jiko, marobota ya vitenge mpaka dirishani, na mkeka mmoja. Furaha alikuwa mkekani na daftari. Mimi hakunitazama.

Nikafungua mdomo nitangaze. Afande akaweka mkono mbele yangu.

"Hapa nasema mwenyewe." Akaomba daftari, akatafuta ukurasa, akapiga mstari, akatia sahihi. "Furaha, mimi nilikufundisha vibaya. Siku ile ulieleza vizuri kitu mbaya, na kitu mbaya ilikuwa yangu. Watu hawakucheka wewe. Walicheka mimi, na mimi nikakuadhibu wewe kwa kufunga mlango. Wiki nne. Hiyo siwezi kupigia mstari."

Furaha aliutazama mstari ule. Akauliza polepole, "Na miye nikiandika hii mpya, mtahini atakubali?"

"Mtahini akikataa, niletee yeye."

"Utarudi kufundisha?"

"Barazani, Jumamosi. Lakini wiki zako zinakwisha, hatuwezi kungoja Jumamosi." Akaangalia pande zote mahali pa kusimama. Hapakuwepo. Basi akakaa juu ya robota la vitenge, mgongo umenyooka kama yuko kwenye gwaride, na Mama Furaha akajibana kwenye ukingo wa kitanda ili mgeni apate pa kuweka miguu. "Leta kalamu. Ganda tupu, mlango moja. Nani yuko mlangoni?"

Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni, nimesimama nusu ndani nusu nje. Furaha aliandika tarehe juu ya ukurasa mpya. Halafu, bila kuinua macho, akakunja miguu yake akasogea ukutani, na mkekani pakabaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Nikavua viatu.